Vocha ya Kigoma

Kwenye daftari la matumizi la karakana yetu kuna mstari ambao mhasibu mmoja, aliyekuja kutunyooshea mahesabu, aliuzungushia kalamu nyekundu: "Vocha ya Kigoma, 10,000." Sisi tunatengeneza makochi Keko, Dar es Salaam. Mbao hatutoi Kigoma, vitambaa hatutoi Kigoma, wala hatujawahi kupeleka huko hata stuli. Nikamwambia auhamishie kwenye gharama za mtandao. Alinitazama kama mtu mwenye swali mdomoni, kisha akaamua kuokoa muda wake.

Habari yenyewe inaanzia Januari ya 2023.

Januari kwa mtu wa makochi ni mwezi wa kupiga miayo. Desemba watu wameshabadilisha sebule kwa ajili ya sikukuu, na maharusi wa mwisho wa mwaka wameshachukua seti zao. Mwaka ukigeuka, kila shilingi ina jina lake: ada, sare, kodi ya nyumba ya miezi sita. Mafundi hukaa juu ya mbao wakicheza drafti. Marehemu baba, aliyeianzisha karakana hii, aliutumia mwezi huo kuhesabu misumari, vipande vya vitambaa, sponji zilizobaki, na majina ya waliochukua mali kwa ahadi wakahama mtaa. Kazi hiyo aliiita kufagia mwaka. Baba alifariki 2018. Kaka yangu akarithi randa, mimi nikarithi daftari, na kila Januari tukaendelea kufagia kama alivyofagia yeye, yaani kile tu kilichokuwa mbele ya macho.

Sikukuu za 2022 zilituacha na seti nne zimefunikwa nailoni. Haikuwahi kututokea. Kaka akasema mtandao siku hizi hauuzi, watu wanatazama picha wanapita. Nilimuunga mkono, maana kwa hesabu zetu mtandaoni tulikuwepo: ukurasa wa Facebook tangu 2013, Instagram, na alama yetu kwenye ramani ya Google. Tulivichukulia vitu hivyo kama mtu anavyowachukulia watoto waliokwenda kuishi mikoani. Wapo, ni wazima, pakiwa na shida tutasikia.

Binti wa kaka alikuwa anashinda karakana siku hizo, akisubiri matokeo ya kidato cha nne. Asubuhi ya tarehe 3 nikamwita.

"Jifanye mtu wa Tegeta. Hutujui. Umesikia Keko ndiko kwenye makochi. Haya, tutafute."

"Kwa simu yangu, shangazi?"

"Kwa yako. Yangu imeshanizoea."

Hilo nililisema kwa utani, lakini ndilo jambo la maana kuliko yote niliyofanya siku ile. Simu yangu ilikuwa inanipeleka moja kwa moja kwenye kurasa zetu kila nikigusa herufi mbili, kama bodaboda wa mtaani asiyeuliza unakwenda wapi. Nilikuwa naingia dukani kwangu kwa mlango wa nyuma, miaka yote, bila kujua kama wa mbele unafunguka.

Akaandika "makochi Keko". Wakatokea majirani. Akashuka, akashuka tena, hatupo. Akaandika jina letu. Hapo tukatokea mara tatu. Bangoni tumeandika "Fanicha". Facebook ilisema "Furnitures", na hiyo s ya mwisho. Instagram ilikuwa na mistari miwili ya chini na tarakimu ambazo mpaka leo sijui zilitoka wapi.

"Shangazi, hawa ni watu watatu?"

Akafungua ramani. Alama yetu ilikuwa upande wa pili wa barabara, pale tulipokuwa kabla ya kuhama 2019, na maelekezo yakisema "mkabala na mwembe". Mwembe ulishakatwa, ukawa mkaa. Na chini ya jina, kwa rangi nyekundu: Imefungwa kabisa. Nyuma yangu stepla ilikuwa inalia, fundi anavalisha kiti. Nilihisi kama mtu anayesoma tangazo la msiba wake mwenyewe gazetini huku anakunywa chai.

"Kuna namba ya simu," akasema. "Nipige?"

Niliijua namba hiyo kabla hajaisoma. Ilikuwa ya baba.

Ikaita. Ikapokewa na mwanamume, nyuma yake upepo na kelele za watoto. Nikachukua simu.

"Samahani kaka, hapo ni kwa watu wa makochi, Keko?"

Akashusha pumzi. "Dada, hapa ni Kigoma. Mimi nauza dagaa."

"Namba hii umeanza kuitumia lini?"

"Huu mwaka wa pili." Kisha akanyamaza kidogo. "Nyie ndio wenye makochi?"

"Ndio sisi."

"Mungu anawaona."

Akanieleza. Kila wiki anapigiwa. Mwanzoni alikuwa anafafanua kwa adabu: hii namba nimeinunua, mimi sijui makochi. Wengine wakawa hawaamini, wanamwambia kaka punguza bei tu, usikatae kazi. Akachoka. Ikafika mahali akiona namba ngeni anajibu kwa kifupi: wa makochi wamefunga. Sina ushahidi kwamba mmoja wa wale walioambiwa hivyo ndiye aliyekwenda kuieleza ramani, lakini ramani ile inapokea taarifa kutoka kwa yeyote, na mtu akiambiwa na "mwenye duka" kwamba duka limefungwa, atabishaje?

Hapa sina wa kumlaumu. Laini ilikuwa imesajiliwa kwa jina la baba. Ulipokuja usajili wa alama za vidole, na kitambulisho cha Taifa, kila mtu nchini alijua tarehe: mwisho 31 Desemba 2019, zikaongezwa siku ishirini mpaka 20 Januari 2020. Sisi tulijua pia. Vidole vilivyotakiwa vilikuwa vimelala Temeke makaburini. Tungeweza kwenda kuuliza utaratibu wa laini ya marehemu. Kaka alisema tutakwenda Jumatatu, nami nikasema tutakwenda Jumatatu. Laini ikazimwa. Tukanunua nyingine, na siku hiyohiyo kaka akapanda ngazi na kopo la rangi akabadilisha namba kwenye bango. Baba aliwahi kufanya vilevile, katikati ya miaka ya 2000, tarakimu za namba za simu zilipobadilishwa. Mimi nilishika ngazi mara zote mbili. Mtandaoni hatukugusa. Huko hakuna ngazi ya kushika.

Kabla hatujaagana, mtu wa Kigoma akasema jambo lililonifanya nivute kiti nikae.

"Tena wengi hawataki kochi jipya. Wanasema kochi wanalo, zuri, wanataka kubadilishiwa kitambaa."

"Namba wanaipata wapi?"

"Wanasema ipo chini ya kochi."

Baba, akimaliza seti, alikuwa anaigeuza juu chini na kuandika namba yake kwenye ubao wa fremu kwa kalamu ya wino mzito. Ni mwandiko wa mtu aliyesoma shule ya msingi ya zamani, tarakimu zimelala upande kama zinapigwa na upepo. Nilikuwa nimesahau kabisa. Kwa hiyo waliokuwa wanapiga Kigoma hawakuwa wapita njia wa Facebook tu. Walikuwa wateja wetu wa miaka kumi, kumi na tano, watu waliokalia kazi ya baba mpaka kitambaa kikaisha na fremu ikabaki, wakaligeuza kochi, wakapiga. Na wakaambiwa tumefunga.

Siku tatu zilizofuata tulifagia. Sitaeleza yote. Tovuti, kwa mfano, haina hadithi: kijana mmoja alitutengenezea mwaka 2016, yenye .co.tz mwishoni, tukapiga naye picha, na anwani ile hulipiwa kila mwaka kama leseni. Hakuna aliyekumbuka. Ikafa. Tukaamua isifufuliwe, tukaifuta kwenye kadi.

Instagram ilikuwa na kijana wake pia, aliyekuwa anatupigia picha na kuziweka, kisha akapata kazi kwingine akaondoka na nywila. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilipompigia akanitajia nywila hapohapo, herufi kwa herufi, halafu akaniuliza kwa upole kama nakumbuka mshahara wake wa miezi miwili. Nilikuwa sikumbuki. Daftari lilikuwa linakumbuka. Tukamtumia 60,000 kabla ya adhuhuri.

Tulipoingia, binti akanionyesha chumba ambacho sikuwahi kujua kipo, kule zinakokaa jumbe za watu usiofuatana nao. Jumbe 37. Nyingine za salamu, nyingine za matapeli. Moja ilikuwa ya Agosti, kutoka kwa mtu mwenye nyumba ya wageni Bagamoyo: "Habari. Mnatengeneza viti vya kulia? Nahitaji 24." Siku mbili baadaye akaandika alama ya kuuliza, peke yake. Baada ya wiki: "Basi asante."

Kaka aliisoma mara mbili, akarudisha simu, akaenda kupiga msasa kitu ambacho kilishapigwa msasa.

Binti alipendekeza tufungue TikTok, mwaka mpya na mambo mapya. Nikamwambia asiyepokea simu mbili hana sababu ya kununua ya tatu.

Kilichotuchukua muda mrefu ni neno moja: mninga. Ukurasa wa Facebook, juu kabisa, ulisema "Makochi ya mninga tupu". Baba alipoliandikisha neno hilo mwaka 2013, ilikuwa hivyo. Kisha mninga ukaadimika, bei ikapaa, na mteja wa kawaida akawa hawezi kulipa fremu nzima ya mbao ambayo hataiona maisha yake yote, kwa kuwa imefunikwa. Fremu za ndani tukahamia paini iliyotiwa dawa, ile ya Sao Hill kule Mufindi. Paini ikikauka vizuri na ukaipa viungo vya uhakika, haina tatizo. Mimi mwenyewe nimekalia kochi la paini tangu 2017. Miguu na mikono, vinavyoonekana, tukaacha mninga. Mabadiliko hayo yalikuja taratibu, oda moja baada ya nyingine, na hakuna siku tuliyokaa tukasema kuanzia leo tunadanganya. Ila ukurasa uliendelea kusema mninga tupu, usiku na mchana, kwa mtu yeyote aliyeufungua.

Kaka hakutaka kuligusa. "Wateja wanapenda kusikia mninga."

"Na wakichana kitambaa wakakuta paini?"

"Nani anachana kitambaa?"

"Fundi atakayekibadilisha," nikasema. "Ambaye siku hizi hatakuwa sisi, maana sisi tumefunga."

Tulinuniana mpaka jioni. Mwisho tukaandika: miguu na mikono ya mninga, fremu ya paini iliyotiwa dawa. Kaka alitabiri kuwa tutapoteza wateja, na mmoja tulimpoteza kweli, aliniambia wazi anakwenda kutafuta mninga tupu. Sijui kama aliupata au alipata ukurasa unaosema hivyo.

Ni kwenye ubishi huo nilipoanza kuona umbo la uchafu wetu. Namba ilikuwa sahihi siku ilipoandikwa. Mwembe ulikuwepo. Mninga ulikuwa mninga. Kila kitu kilichokuwa kinatuaibisha kiliwekwa na mtu mkweli kwa nia njema, kisha kikaachwa. Duka la matofali lina adabu ya kuchakaa hadharani, rangi ikibambuka unaiona ukija kufungua. Lile la mtandaoni linabaki linang'aa kama siku ya kwanza, na linaendelea kuwaambia watu habari za mwaka 2013 kwa sauti ya leo.

Picha ndizo pekee zilizokuwa uongo tangu kuzaliwa. Kulikuwa na picha 64, na zetu zilikuwa 19. Nyingine zote zilikuwa makochi ya Uturuki na Dubai, yenye kingo za dhahabu, yamewekwa kwenye sebule ambazo dari zake tu ni ndefu kuliko karakana yetu. Kila mtu Keko anafanya hivyo, na mteja anakuja ameshika simu: nataka hilihili. Unalitengeneza kwa uwezo wako. Dada mmoja tuliyempelekea la namna hiyo alilizunguka, akatazama simu, akatazama kochi, akasema, "Yanafanana kama mabinamu." Alilipa, lakini hakurudi. Tukazifuta zote 45. Ukurasa ukabaki na upara. Tukaanza kupiga mpya nje, juani, saa mbili asubuhi kabla vumbi halijaamka, na fundi aliyelitengeneza kochi akiwa amesimama pembeni. Hilo la fundi alilibuni binti. Mafundi walikataa siku ya kwanza, siku ya pili wakaja wamenyoa.

Kuhusu bei tulikutana nusu njia. Mimi sipendi ule mtindo wa "bei njoo inbox"; unamwambia mtu aliyekuja mpaka mlangoni azunguke nyuma agonge tena. Kaka anaamini ukiweka bei jirani anashusha elfu ishirini kabla hujala mchana, na anawajua majirani kuliko mimi. Tukaandika "kuanzia". Jumbe zilipungua. Wanaokuja karakana wakiwa na pesa ya advansi mfukoni hawakupungua, na mimi nikapumzika kujibu "bei gani" mara thelathini kwa siku.

Kuna jambo lingine nililirekebisha siku zile ambalo halionekani kwenye ukurasa wowote. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Kwetu ilikuwa jioni. Fundi alikuwa ametandika kitambaa cha mteja mezani, mkasi mkononi, na vipimo vilikuwa kwenye mazungumzo ya WhatsApp, hakuna kwingine. Simu ya mteja? Ilikuwa hukohuko. Tulikaa tunakitazama kitambaa kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Baba angetucheka: yeye vipimo aliandika ukutani kwa chaki, na mpaka leo kuna sebule za watu kwenye ukuta ule. Tangu Januari ile kila oda inaingia kwenye kaunta buku, na vipimo, na namba ya mteja.

Ramani ilikuwa ya mwisho. Ili ikubali kwamba tupo hai ilinitaka nipige video moja isiyokatwa: mtaa, bango, halafu mimi mwenyewe nafungua mlango kuonyesha ninao ufunguo. Kwenye ukuta tulikuwa na kile kibao cha namba ya nyumba na jina la mtaa tulichopigiliwa 2022, wakati wa kazi ya anwani za makazi kabla ya sensa, na hatukuwahi kukitumia kwa lolote. Nilianzia hapo. Simu mkono wa kulia, ufunguo mkono wa kushoto, kufuli lenye kutu, na watoto wa jirani wakinifuata wakiuliza mama unaongea na nani. Mara ya kwanza kufuli likagoma. Mara ya pili likafunguka, na baada ya siku chache yale maandishi mekundu yakaondoka.

Ila chini ya makochi hakuna anayeweza kuingia na kuhariri. Yako Tandika, Morogoro, mengine yalishauzwa kwa watu wengine na namba ya baba tumboni. Nikampigia tena mtu wa Kigoma, nikampa namba yetu mpya, nikamwomba awe anawapa. Akaniuliza kazi hiyo inalipaje. Tukakubaliana vocha ya elfu kumi kila mwaka mpya.

Alichofanya baada ya hapo sikumwomba. Alianza kuhesabu. Januari ya 2024 nilipompigia, kabla ya salamu kwisha akasema, "Kumi na moja." Saba kati ya hao walifika kwetu, ninayo majina yao. Januari iliyofuata akasema wanne. Aliniambia 2024 aliwahudumia vizuri zaidi, maana ziwa lilifungwa miezi mitatu, kutoka katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, samaki wapumzike, na yeye akawa amekaa tu. Mmoja alimweleza mpaka jinsi ya kupima kochi kabla ya kupiga simu. Makochi yenyewe hajawahi kuyaona.

Mwaka huu nilimpigia tarehe 3, kama kawaida. Ndiyo kazi yangu ya kwanza sasa, kabla ya picha, kabla ya ramani.

"Mmoja," akasema. "Mwaka mzima mmoja. Mama wa Temeke, kochi la mwaka 2009, anasema springi nzima, kitambaa tu. Hiyo vocha msinitumie, kazi haikuwepo."

Nilimtumia.

Kochi la mama wa Temeke lililetwa na guta wiki ileile. Tukaligeuza. Wino umefifia ukawa kahawia, lakini tarakimu zinasomeka, zimelala upande wao uleule. Kaka akachukua kalamu akaandika namba yetu chini yake, kwa mwandiko ulionyooka. Ya baba hakuikata.

"Akipiga ya juu atapata dagaa," nikamwambia.

"Atapewa ya chini," akasema, tukaligeuza kochi tukaanza kuchana kitambaa.